Tochi inaona spidi, haioni uelekeo

Trafiki yuko chini ya mti kando ya barabara kuu, tochi mkononi. Basi la mkoani linachomoza kwa mbali, tochi inasoma 78. Sheria inaruhusu 80. Trafiki anateremsha mkono, basi linapita, abiria waliokuwa roho juu wanatulia. Dakika mbili mbele, basi hilohilo, likiwa na 78 ileile, liko upande wa kulia wa barabara, ubavuni mwa semi-trela, linapanda kilima ambacho dereva haoni kilichoko ng'ambo yake. Tochi ingepigwa pale ingesoma namba halali. Lakini sasa gari lolote litakalochomoza kileleni litakuwa linalielekea basi uso kwa uso.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema leo, na ninalisema kwa uzito wote. Mjadala wetu wa ajali za barabarani umeng'ang'ania nusu moja ya kipimo na kuisahau nusu ya pili. Tunahesabu spidi. Tunafunga vidhibiti mwendo, tunajenga matuta, tunasimika vibao vya 50, tunaweka tochi njiani. Vyote hivyo vina kazi yake na sitaki hata kimoja kiondolewe. Ila kinachovunja mifupa na kukatisha maisha ni mabadiliko ya ghafla ya velositi, na velositi imebeba vitu viwili ndani yake: spidi na uelekeo. Nchi inayopima kimoja na kuacha kingine itaendelea kuzika watu waliokufa wakiwa ndani ya spidi halali.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sehemu kubwa ya vifo hivyo iko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, sisi tukiwamo. Mbele ya hesabu kama hiyo, tofauti ya spidi na velositi haiwezi kubaki swali la mtihani wa sekondari ambalo mtu analijibu, anapata alama zake mbili na kulisahau.

Tuanze na somo lenyewe. Umepanda daladala, viti vimejaa, umeshika bomba. Gari linakwenda kilomita 40 kwa saa na linaingia kwenye kona. Dereva hakanyagi breki wala haongezi mafuta. Mshale kwenye dashibodi umetulia palepale kwenye 40. Hata hivyo waliosimama wote wanalalia upande mmoja, mama mwenye ndoo ya samaki anaikumbatia isimwagike, na aliyekaa dirishani anabanwa na jirani yake. Ikiwa spidi haijabadilika, watu wamelalia nini? Kilichobadilika ni uelekeo. Spidi inajibu swali moja tu, gari linakwenda haraka kiasi gani. Velositi inajibu mawili: haraka kiasi gani, na kuelekea wapi. Likibadilika jibu moja kati ya hayo, velositi imebadilika, na mwili wako unaipata habari hiyo hata kama mshale wa dashibodi hauna taarifa.

Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687 kama sheria ya kwanza ya mwendo: kitu kinachotembea huendelea kwa spidi ileile, katika mstari uleule ulionyooka, mpaka kani fulani ikilazimishe vinginevyo. Kubadili spidi kunadai kani. Kubadili uelekeo nako kunadai kani, hata pale spidi inapobaki kama ilivyo. Yule abiria anayelalia ubavu hajasukumwa na mtu. Mwili wake unataka kuendelea kule ulikokuwa ukienda, wakati gari limekwisha kugeuka chini yake.

Na deni la kugeuka ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Basi linalokwenda mashariki kwa kilomita 60 kwa saa likifunga breki hadi likasimama, velositi yake imebadilika kwa 60. Basi hilohilo likikata kona ya pembe mraba na kushika njia ya kaskazini bila kupunguza chochote, velositi yake imebadilika kwa karibu 85. Ni hesabu ya Pythagoras ya darasani: pande mbili za 60 zinazokutana kwa pembe mraba, ulalo wake ni 85. Maana yake ni kwamba lami na matairi vinatakiwa kutoa msukumo mkubwa zaidi kulipitisha basi kwenye kona ile kuliko kulisimamisha kabisa. Dereva anayesifiwa kijiweni kwamba kona haimpunguzii mwendo anasifiwa kwa kuomba kutoka kwenye matairi yake kitu kikubwa kuliko breki ya kusimama.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba spidi kubwa, ikiwa peke yake, haimdhuru mtu. Anayeishi Nanyuki au Kampala, jirani kabisa na Ikweta, anazungushwa na dunia kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa usiku na mchana. Dunia yenyewe inalizunguka jua kwa takriban kilomita 107,000 kwa saa, na sote tumo ndani yake. Hatuhisi kitu, kwa sababu velositi hiyo inabadilika polepole mno. Desemba 10, 1954, huko Holloman katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, daktari wa jeshi la anga, John Paul Stapp, alifungwa kwenye kiti juu ya chombo cha roketi kinachoteleza kwenye reli. Kilimfikisha zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa sekunde 1.4. Alipona, lakini mishipa ya damu machoni ilipasuka na kwa muda hakuweza kuona. Kilichomtesa zaidi kilikuwa kule kusimama, yaani velositi kubwa kuondolewa kwa muda mfupi. Stapp alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyofuata kupigania mikanda kwenye magari ya raia, maana mkanda hufanya kazi hiyohiyo: unaurefusha, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, muda ambao mwili unabadilishiwa velositi.

Sasa tuingie barabarani kwetu na kalamu na karatasi. Chukua basi la tani 15 na gari dogo la tani 1.5. Yote mawili yanakwenda 80. Yakiwa yanaelekea upande mmoja, tofauti ya velositi zao ni sifuri. Yanaweza kufuatana kutoka Chalinze hadi Segera na hakuna litakalomfikia mwenzake. Yageuze yatazamane. Namba kwenye dashibodi zinabaki 80 na 80, lakini tofauti ya velositi zao sasa ni 160. Yakigongana uso kwa uso na kunasana, kanuni ya momenta inasema vyuma vyote viwili vitaendelea kwenda kule basi lilikokuwa linaelekea, kwa spidi ya kama 65. Abiria wa basi wamebadilishiwa velositi kwa kama 15. Waliomo kwenye gari dogo walikuwa wakienda 80 upande huu na sasa wanakwenda 65 upande wa pili. Velositi yao imebadilika kwa 145, ndani ya muda unaokaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna mkanda wala mfuko wa hewa uliobuniwa kwa ajili ya hali hiyo. Na madereva wote wawili, wangepimwa dakika moja kabla, wasingelipa faini hata shilingi.

Ndiyo maana ajali za uso kwa uso ndizo zinazojaza kurasa zetu za mbele. Septemba 2014, mabasi mawili yaligongana namna hiyo eneo la Sabasaba, mkoani Mara, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori vilikutana uso kwa uso Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, na hapo pia waliokufa walizidi 30. Kila baada ya msiba wa namna hii hutoka kauli ileile kwamba mwendokasi ndio chanzo. Mara nyingi ni kweli kwamba mmoja alikuwa anakimbia. Lakini kauli hiyo haijibu swali la msingi: kwa nini velositi mbili zinazopingana ziliruhusiwa kukutana kwenye kipande kimoja cha lami?

Zinakutana hasa pale gari moja linapolipita jingine. Basi linakwenda 80, mbele yake kuna semi-trela inayokwenda 60. Tofauti ya velositi zao ni kilomita 20 kwa saa, ambayo ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Ili basi lihame njia, liipite semi-trela yenye urefu wa mita kama 20, na lirudi kushoto likiwa limeacha nafasi ya kutosha mbele na nyuma, linahitaji kujongea mita kama 75 zaidi ya lori. Kwa mita tano na nusu kwa sekunde, hizo ni sekunde 13 na nusu. Hesabu sekunde hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine, uone zilivyo ndefu. Ndani ya muda huo basi limetembea mita 300 likiwa upande usio wake. Gari linalokuja kutoka mbele, nalo likiwa na 80 halali kabisa, limetembea mita nyingine 300. Kwa hiyo dereva alihitaji mita 600 za barabara tupu, iliyonyooka, anayoiona yote, kabla hajakata usukani. Ni sehemu ngapi za barabara kati ya Morogoro na Iringa, au kati ya Voi na Mtito Andei, zinakupa mita 600 za kuona kila unapofika nyuma ya lori?

Hapa kuna jambo ambalo watunga sheria wanapaswa kulitazama bila kupepesa macho. Kidhibiti mwendo, ambacho Kenya ilikilazimisha kwenye matatu na mabasi mwaka 2004 chini ya kanuni za Waziri John Michuki, kinalizuia basi lisivuke 80. Hilo ni jema. Lakini katika barabara ya njia mbili isiyo na nafasi salama ya kupitana, basi lililofungiwa 80 linakaa muda mrefu zaidi upande usio wake kuliko lile linaloweza kufika 100. Atakayesoma sentensi hiyo na kudai vidhibiti vifunguliwe hajanielewa, kwa sababu gari la 100 lina nishati ya mwendo iliyozidi ile ya 80 kwa zaidi ya nusu, na likigonga linaua zaidi. Ninachosema ni kwamba ukishamfungia dereva spidi, una wajibu wa kumpa mahali salama pa kupitana. Kumfungia namba na kumwachia uelekeo aubahatishe mwenyewe ni kazi iliyoishia njiani.

Tuje kwenye kona. Anayeijua barabara ya Tanzam anaijua Kitonga, mkoani Iringa: mteremko mkali, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, na kona zinazofuatana. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 100. Kwa spidi ya 60, gari linahitaji kani ya ubavuni inayofikia zaidi kidogo ya robo ya uzito wake ili liendelee kufuata barabara. Kwa 80, kani hiyo inafika nusu ya uzito wake. Spidi imeongezeka kwa theluthi moja, lakini mahitaji ya ubavuni yamepanda kwa karibu asilimia 80, kwa sababu kani ya kugeuza hukua kwa mraba wa spidi. Lori lililosheheni mzigo mrefu, kitovu chake cha uzito kikiwa juu, linaweza kuanza kunyanyua matairi ya upande mmoja kabla hata halijafika nusu hiyo. Dereva wa lori kama hilo akiingia kwa 80 kona kama ile isiyo na kibao cha spidi ndogo hajavunja sheria ya spidi popote, na anaweza kupinduka akiwa peke yake barabarani, mchana kweupe, bila kugusana na mtu.

Ajabu ni kwamba hata ile tochi yenyewe, tunayoitumia kupima spidi, kwa kweli inapima kipande cha velositi. Tochi ya leza hutuma mapigo ya mwanga, ikapima muda wa kwenda na kurudi, na kutokana na hapo ikajua gari linasogea kwa kasi gani kuelekea pale tochi ilipo. Inaona ule ujongeo ulio kwenye mstari kati ya askari na gari, basi. Askari akisimama mbali kidogo na barabara na kulipiga gari likiwa karibu, kwa pembe ya nyuzi 30, basi linalokwenda 90 litasomeka 78. Likimpita mbele ya uso wake kwa pembe mraba, usomaji wa kweli ni sifuri. Ndiyo maana askari aliyefunzwa hupima gari likiwa bado mbali, karibu na mstari mmoja naye. Kifaa kile kimejengwa juu ya uelekeo; sisi ndio tuliochukua namba yake na kuutupa uelekeo.

Wako waliokwisha kulielewa jambo hili na kulitendea kazi. Baada ya misiba ya eneo la Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara ileile ya Nakuru kwenda Eldoret, mamlaka za Kenya zilipanua kipande hicho cha barabara na kuweka ukuta wa zege katikati, magari yanayopanda yakatengwa na yanayoshuka. Ukuta ule haumpunguzii dereva hata kilomita moja kwa saa. Kazi yake ni moja, kuzuia velositi mbili zinazopingana zisikutane. Sweden, ambayo bunge lake lilipitisha mwaka 1997 sera ya kutokubali kifo chochote barabarani, ilianza mwaka uliofuata kuzigeuza barabara zake pana za vijijini kuwa za njia tatu: mbili upande huu, moja upande ule, zikipokezana kila baada ya kilomita chache, na katikati waya wa chuma uliokazwa kwenye nguzo. Magari yaliendelea kukimbia. Vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Anayetaka kupita anasubiri njia yake ya pili ifike, kisha anapita bila kukutana na mtu.

Hata nyumbani mfano upo. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, inaruhusiwa kufika kilomita 160 kwa saa, mara mbili ya basi. Tunapanda na watoto wetu na kulala usingizi. Tunaweza kulala kwa sababu uelekeo wake hauachwi mikononi mwa mtu mmoja mwenye haraka: reli inaushika, kona zimepanuliwa kwa hesabu ili kani ya ubavuni ibaki ndogo, ishara zinaamua treni ipi iingie wapi na wakati gani, uzio unazuia ng'ombe na watu kukatiza. Wahandisi wetu wanaijua fizikia hii vizuri. Tumewaomba waitumie kwenye reli. Tuwaombe waitumie na kwenye lami.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa fedha. Barabara ya Morogoro ina njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, na kila anayeipita anaona inavyogharimu kujenga hivyo. Huwezi kutenganisha kila kilomita kutoka Tunduma hadi Namanga. Lakini sijaomba kila kilomita. Ajali za uso kwa uso hazitawanyiki ovyo. Zinajirudia kwenye vilima vile vile, madaraja yale yale, kona zile zile, na wenyeji wa kila wilaya wanaweza kukutajia. Anza na hapo. Mahali lori linapopanda kwa kilomita 20 kwa saa, weka njia ya tatu ya kupandia, hata ya kilomita moja, ili basi lisilazimike kuvamia upande wa pili. Kwenye kilele na kwenye kona isiyoona mbele, weka kizuizi cha katikati. Pasipo na uwezo wa kizuizi, mstari usiokatika uchorwe upya kabla haujafutika, na kuuvuka kuhesabiwe kosa zito kuliko kuzidisha kilomita tano. Na kila kona kali iwe na kibao cha spidi yake yenyewe, iliyopigiwa hesabu kutokana na upana wa kona hiyo, maana 80 ya kwenye tambarare za Dodoma haiwezi kuwa 80 ya Kitonga.

Kuna na jambo ambalo halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Mabasi ya abiria nchini Tanzania yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa mfumo wa VTS wa kufuatilia magari, na tumezoea kuusikia pale basi linapozidisha mwendo. Kifaa kinachotumia GPS kinaweza kujua gari lilipo, spidi yake na upande linakoelekea. Velositi kamili, basi, inapatikana kwa basi moja baada ya jingine. Data za namna hiyo zikichambuliwa, zitaonyesha ni kona gani mabasi mengi yanageuka kwa nguvu kupita kiasi, ni mahali gani madereva wanakata usukani ghafla, ni kipande gani wanafunga breki kwa hofu. Ramani ya namna hiyo ingeonyesha mahali ajali inapojiandaa kutokea, kabla hatujaenda kuhesabu majeneza. Vyuo vyetu vikuu vina vijana wanaoweza kazi hiyo. Wapewe data na wapewe kazi.

Pingamizi la pili ni la wale watakaosema kwamba nikizungumzia uelekeo nawapa madereva kisingizio cha kukimbia. Hapana. Kila hesabu niliyoipiga hapa inakuwa mbaya zaidi spidi inapopanda: kani ya kona hukua kwa mraba, nishati ya mgongano hukua kwa mraba, umbali wa kupitana hurefuka kila gari la mbele likiongeza mwendo. Spidi inabaki nusu ya velositi na inabaki na hatari yake yote. Ninachopinga ni kuridhika na nusu hiyo, na kudhani kwamba dereva aliyeko chini ya 80 hana hatari.

Mabadiliko haya yataanzia darasani, na hapo nina neno kwa walimu wenzangu wa fikra na wa chaki. Mfano tunaoupenda ni wa mwanariadha anayezunguka uwanja wa mita 400 na kurudi alipoanzia: spidi yake ya wastani ni kadhaa, velositi yake ya wastani ni sifuri. Ni kweli, na wanafunzi hucheka, kisha wanaondoka wakiamini kwamba velositi ni fumbo la watunga mitihani. Wapeni barabara iliyo nje ya geti la shule. Wakiwa wamekaa mahali salama na saa ya mkononi, wapime muda ambao gari linatumia kati ya nguzo mbili za umeme, wapate spidi. Wachore mshale wa velositi kabla ya kona na mwingine baada ya kona, waunganishe ncha zake, wapime mabadiliko. Wapige hesabu ya basi na lori niliyoipiga hapa. Kijana aliyekokotoa mwenyewe zile mita 600 hataingia upande wa pili wa barabara kwa wepesi ule ule siku atakapopewa bodaboda au usukani wa Fuso. Vyuo vya udereva navyo vifanye hivyo hivyo, kwa sababu mtu anaweza kukariri alama zote za barabarani na asijue ni kwa nini mstari mmoja umekatika na mwingine haukukatika.

Na sisi abiria tuna sehemu yetu. Tumejifunza kumpazia sauti dereva anayekimbia, na katika mabasi mengi sauti hiyo imeokoa watu. Tuipanue. Basi likihama njia kwenye kilima, likivuka mstari usiokatika, likiingia kona mpaka mizigo inahama upande, kondakta aitwe na dereva aambiwe, hata kama mshale uko 60. Akijibu kwamba hajazidisha spidi, jibu lake lipo: tunakulipa utufikishe, na kufika kunataka spidi inayostahili kwenye uelekeo unaostahili. Mwenye basi apigiwe simu. Trafiki wa kizuizi kinachofuata aelezwe kilichotokea, na yeye aandike kosa hilo kwa uzito uleule anaouandikia namba ya tochi.

Wizara zenye dhamana ya ujenzi na usafirishaji zina bajeti kila mwaka, na wabunge wetu wanaisoma kabla ya kuipitisha. Safari hii wajumbe waulize swali moja zaidi ya idadi ya tochi na kilomita za lami: ni vilima vingapi na kona ngapi, kati ya zile zinazojulikana kwa kuua, zitatenganishwa mwaka huu? Jibu lenye namba na majina ya mahali ndilo litakaloonyesha kwamba tumeanza kuipima hatari yote.